Kitana cha Kigoma na Soksi Nyeupe

Kijiji cha Milola,
Lindi.
17 Agosti 2024.

Mpendwa mama mdogo Tatu,

Shikamoo. Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu kwa hamu kubwa kutoka huku kwetu, nikiomba barua hii ikufikie huko Ujiji mkiwa wazima wote, na kama kuna asiyejisikia vizuri, ikute ameshaanza kupata nafuu.

Sikio la mwanao Amiri limepona? Mara ya mwisho mama alituambia lilikuwa linatoa usaha na kwamba upande mmoja hasikii vizuri. Bibi humtaja kwa jina kila akimaliza kusali. Na mgongo wa baba mdogo je? Na wewe mwenyewe unaendeleaje? Nauliza kwa sababu ukiulizwa kwenye simu hujibu “sijambo” haraka, kisha unageuza kuuliza habari za wengine, na sisi tunabaki hatujui kama sijambo hiyo ni ya kweli au ya adabu.

Sisi huku hatujambo. Baba hushinda shambani kwa sababu mikorosho imetoa maua, na wakati huu hauachi mtu akae nyumbani. Mama miguu inamsumbua kidogo asubuhi, lakini ikishapata jua hutembea vizuri. Bibi ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama mdogo, wewe unanijua. Simu ya mama ikipigwa huwekwa sauti kubwa katikati ya jamvi, na nyumba nzima huizunguka kama sinia la wali. Zamu yangu ikifika wote wananitazama mdomoni, na maneno yote niliyoyapanga yanakimbia. Ndiyo maana mzigo wako ulipofika nilisema “ahsante” nikampa kaka Iddi simu. Ahsante ile ilikuwa ndogo mno kwa jambo lenyewe. Nimeona niiandike yote, ili ujue kitana ulichotuma kimefanya nini katika nyumba hii.

Nianze na dada Esha. Kama ujuavyo, alirudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza kwa mama yake, ilivyo desturi yetu, akamwacha shemeji Rashidi kule kwao Mchinga. Alijifungua salama, alhamdulillahi, mtoto wa kike, naye ameitwa Hidaya. Ana nywele nyingi hadi shingoni. Akipiga chafya hukasirika na kutuangalia mmoja mmoja, kana kwamba anatafuta aliyemfanyia.

Bibi alimpisha dada katika chumba chake cha nyuma, kile chenye sakafu ya udongo, kwa sababu mchana hakina joto. Yeye akahamia sebuleni. Lakini vitu vyake hakuvihamisha: sanduku lake, mtungi wake, na kuku wake mwenye shingo tupu, aliyekuwa anatagia ndani ya tenga chini ya kitanda. Vifaranga ambao wangetoka humo bibi alishawawekea nia. Alisema watakuwa wa Hidaya, mali yake ya kwanza duniani.

Hidaya alipoanza kuzoea kunyonya, tukaona madoa mekundu miguuni mwake. Mwanzoni tulidhani ni joto. Halafu dada Esha naye akaamka na madoa hayo hayo kwenye vifundo vya miguu, na mama alipokunjua blanketi la mtoto, kitu cheusi kikaruka. Ndipo tukajua ni viroboto.

Sasa nifike kwa Karani. Najua ulikuwa unamngoja tangu mstari wa kwanza. Siku ulipoolewa ulinikabidhi yule paka mikononi pale mlangoni, gari likiunguruma, ukasema, “Naima, huyu nakuachia wewe. Ukimtazama yeye umenitazama mimi.” Mimi nilikuwa bado mdogo, nikaliweka neno hilo moyoni kama lilivyo. Amekuwa mkubwa sana, mama mdogo. Bado ana tabia ile iliyompa jina, ya kukaa wima kando ya mizani wakati wa msimu, akiangalia magunia ya korosho kama aliyeajiriwa.

Karani alikuwa anajikuna. Siwezi kumtetea kwa hilo, alijikuna kweli, akikaa, akitembea, hata akila. Bibi alimwona, na hukumu ikatoka siku ileile, mbele ya watu wote.

“Mke mwenzangu,” aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nijue kusema, “chagua moja. Paka au mtoto?”

“Bibi, huenda si yeye...”

“Nani anajikuna katika nyumba hii kumshinda? Anayejikuna ndiye mwenye duka. Sisi wengine tunanunua kwake tu.”

Watu wakacheka. Bibi akamwagiza kaka Iddi atafute gunia. Kabla ya siku ya arobaini, siku ambayo mtoto angetolewa nje mara ya kwanza, Karani atiwe humo asiione njia, apelekwe kwa pikipiki ng'ambo ya mto, aachwe huko. Wakwe wa Mchinga wangekuja siku hiyo. Bibi hakuwaogopa viroboto kama alivyoyaogopa maneno. “Watasema nini? Walituletea binti mzima na mimba yake, tukawalishia mjukuu wadudu.” Hata mama, ambaye humpenda Karani kwa siri, aliendelea kuosha nguo za mtoto. Madoa ya Hidaya yalikuwa yanaonekana, na kila jioni yaliongezeka.

Mama mdogo, nilikuwa na deni kwako la neno lile la mlangoni, na nilimpenda Hidaya pia. Nilikosa pa kusimama.

Kaka Iddi aliniona nalia nyuma ya jiko. Kesho yake akaja na msaada wake mwenyewe. Alikuwa ametoka kupulizia mikorosho salfa ya ukungu shambani na baba, akabaki na unga kidogo katika mfuko. Akamkamata Karani, akampaka salfa mwili mzima, mpaka paka wetu mweusi akawa wa manjano.

“Ubwiriunga wa mikorosho yote ya baba unakwisha kwa hii,” aliniambia kwa furaha. “Paka mmoja ana nini?”

Paka akajilamba. Haikupita muda macho yakaanza kumtoka maji, povu likamjaa mdomoni, akajikunja chini ya ngazi ya ghala akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mama alikuja mbio na maji ya uvuguvugu, tukamwosha na kumwosha tena, yeye akitukwaruza mikono. Bibi alisimama mlangoni akimtazama Iddi.

“Umemfanya mkorosho? Haya, kaa hapo umngoje azae.”

Iddi alikaa kweli. Alikaa naye siku nzima, akimnywesha maji kwa kijiko. Simlaumu, na ninaomba nawe usimlaumu. Watu wengi hapa humpaka mbwa salfa, na kuku pia, na yeye alifanya vile kwa ajili yangu.

Usiku ule mama alikupigia. Nilikuwa pembeni nikisikiliza. Ulisema, “Asipakwe kitu kingine chochote. Mchaneni. Nitatuma kitana.” Bibi aliguna. Ulisema na mengine kuhusu kufagia anapolala, lakini mtandao ukakatika.

Mzigo wako ukafika Lindi kwa basi, shemeji Rashidi akaupokea na kutuletea. Kanga za dada Esha zimempendeza. Dagaa wa bibi tumewala, naye anasema ni wadogo kuliko wa kwetu, lakini alirudia mara mbili. Kile kitana ulichokifunga kwa gazeti alikifungua yeye. Akakigeuza-geuza juani, akapitisha kidole kwenye meno yake membamba.

“Mwanangu kakivusha nchi nzima kitana cha paka,” alisema. Akacheka, halafu akakaa kimya muda mrefu, akalikunja lile gazeti vizuri na kuliweka chini ya mto wake. Sikujua amenyamaza kwa nini. Niliendelea na kazi yangu.

Nilimchana Karani kila siku nikitoka shule, tukiwa uani juu ya kipande cha kanga nyeupe iliyochakaa. Nilianza shingoni, kwa sababu nilikuta nikianzia mgongoni viroboto wote hukimbilia kichwani na kujificha nyuma ya masikio. Kila nikivuta kitana nilikichovya katika bakuli la maji ya sabuni, na waliokuwemo wakazama. Mwanzoni aliniuma kidogo. Baadaye akawa analala chali mwenyewe akiona bakuli.

Kulikuwa pia na punje nyeusi kama mchanga. Nilizitia kwenye karatasi mbichi zikageuka nyekundu. Nilishtuka sana, nikataka kujua ni nini, na kwa ajili hiyo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kidato cha kwanza. Nilibaki darasani baada ya kipindi cha Biolojia na kumwuliza mwalimu swali. Rafiki yangu Skolastika alinisindikiza hadi mlangoni, akanisukuma, akakimbia.

Mwalimu Fidelis hakucheka. Aliniambia punje zile ni kinyesi cha kiroboto, na wekundu ule ni damu ya paka aliyoinywa. “Naima, hao unaowaona juu ya paka ni wageni waliokuja kula,” alisema. “Mayai yao na mabuu yao yako chini, kwenye vumbi na nyufa za sakafu. Ukimshughulikia paka peke yake utafanya kazi hiyo mpaka umalize shule.” Nikamweleza kwa aibu habari za salfa. Akatikisa kichwa akasema, “Chochote unachompaka paka, umemlisha. Atajilamba.” Akaniazima kitabu chenye sura nzima ya wadudu. Nilikisoma njiani nikajikwaa.

Kwa hiyo tukageukia sakafu. Hapo nilishangaa, mama mdogo, jinsi nyumba nzima ilivyokuja upande wangu bila mimi kuhutubia. Mama na Iddi walitoa magodoro, mikeka, mito na majamvi yote tukayaanika juani, mpaka jirani mmoja akasimama kuuliza tunahamia wapi. Tulifagia hadi chini ya sanduku, takataka zikachomwa. Bibi mwenyewe alichemsha majani ya mwarobaini katika sufuria lile kubwa, akanyunyiza maji yake machungu sebuleni na ukumbini, akitusimulia kwamba mama yake alifanya hivyo kabla ya kila mfungo wa Ramadhani. Maji yale hatukumpaka paka wala hatukuyasogeza karibu na mtoto. Chumba cha dada Esha tulikifagia juujuu tu, kwa kuwa mzazi na mtoto walikuwa ndani, na bibi hakutaka kuku wake ashtuliwe.

Karani akapona. Ukimchana siku nzima hupati kitu, labda mmoja. Manyoya yakarudi kung'aa.

Lakini Hidaya aliendelea kuumwa.

Asubuhi moja dada Esha alimfungua nguo tukakuta madoa mapya tumboni. Siku ya arobaini ilikuwa imekaribia. Bibi akasema paka amepona viroboto wake ila ametuachia watoto wao, na tukimwondoa yeye, wale watoto watamfuata kama mzazi wao. Gunia likatundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Nilikuwa nikila huku naliangalia.

Nikaanza kufikiri kwa utaratibu, kama mwalimu anavyotufundisha. Karani alikuwa amefungiwa jikoni tangu siku ya salfa, akitolewa uani kuchanwa tu. Chumbani kwa dada hakuwa ameingia hata kidogo. Kama yeye ndiye mwenye duka, mbona wateja wanaumwa mahali asipofika? Katika kile kitabu nilikuwa nimesoma kwamba kiroboto hurukia chochote chenye joto kinachopita karibu yake, na kwamba huonekana kwa urahisi kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa cheupe safi nilichokuwa nacho kilikuwa soksi zangu za shule, nilizozifua kwa ajili ya Jumatatu.

Nilizivaa, nikazivuta mpaka magotini. Nikatembea sebuleni polepole, nikizungusha miguu kama mtu anayetafuta sindano. Hakuna kitu. Ukumbini hakuna kitu. Jikoni, alipokuwa Karani, mmoja. Nikabisha hodi kwa dada Esha, nikaomba ruhusa nipite. Aliniuliza, “Unakwenda shule Jumamosi?” Nikapita mlangoni nikiwa safi, nikafika kitandani, nikasimama. Nilipotazama chini soksi zilikuwa zimejaa madoadoa meusi, na yale madoadoa yalikuwa yanapanda.

Niliinama kuchungulia uvunguni. Yule kuku wa bibi akaniangalia kutoka ndani ya tenga. Kuzunguka macho yake, na kwenye ile shingo tupu, kulikuwa na weusi niliodhani ni rangi yake. Haikuwa rangi. Mchanga na majani makavu aliyoyalalia yalikuwa yanatembea.

Mama mdogo, hapo furaha na hofu vilinijia pamoja. Nilijua sasa kwamba Karani hana hatia. Lakini ningemwambiaje bibi kwamba kilichokuwa kinamuuma kitukuu wake kimetoka kwenye zawadi yake mwenyewe? Yeye ndiye aliyetoa chumba na kitanda. Yeye ndiye aliyemweka kuku pale ili kenge asile mayai, akamchunga kwa ajili ya mtoto. Na mimi ni mtu ambaye hata kuomba chumvi mezani kwa watu huona aibu.

Niliketi nje, soksi zikiwa ndani ya beseni la maji ya sabuni, nikitunga sentensi. Kila niliyoitunga ilikuwa na adabu mbaya. Mwisho nikaona nisiseme kitu. Nilikwenda kwa Skolastika nikaazima soksi zake, nikamletea bibi pale alipokuwa anachambua mchele.

“Bibi, naomba uvae hizi.”

“Nivae soksi? Mimi mwanafunzi wa nani?”

“Wangu,” nikasema. Sijui neno hilo lilitoka wapi.

Bibi aliniangalia, akaweka ungo chini. “Haya, mwalimu. Ukinichapa nitamwambia mumeo.” Mume huyo ni marehemu babu, Mungu amrehemu.

Nilimvalisha mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti. Akajitazama miguu, akacheka mpaka machozi, akamwita mama aje aone. Tukatembea naye sebuleni mkono kwa mkono, akijipinda kama bibi harusi, kisha jikoni. Kila mahali nilimwomba aangalie chini. Alikuwa bado anacheka tulipoingia chumbani. Tulipofika karibu na kitanda akaangalia, akaacha kucheka.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanyoosha miguu mbele yake, akaitazama soksi moja, halafu ya pili. Kisha akainama uvunguni taratibu, na alikaa huko muda. Alipoinuka hakunitazama mimi, alimtazama Hidaya aliyelala.

“Kitukuu wangu,” alimwambia, “nimekulaza juu ya mlango wa mwizi, halafu nikampiga polisi.”

Kisha akanigeukia. “Na wewe, umeniona mchana kutwa nikimtukana paka wa watu. Ulishindwa kufungua mdomo?”

“Nimeona aibu, bibi.”

“Umefanya vizuri. Ungesema nisingesikia.” Akazivua soksi akanirushia. “Iddi! Lete lile gunia.”

Nilitazama jikoni, alipokuwa Karani. Lakini gunia lilikuwa la takataka za lile tenga.

Kumhamisha kuku anayeatamia si kazi ndogo. Bibi alihofu atasusa na mayai yapoe, na vifaranga ndio mali ya mtoto. Giza lilipoanza kuingia, wakati kuku haoni vizuri, Iddi alimnyanyua yeye, mama akabeba mayai katika kanga yenye joto, na mimi nikatangulia na tenga jipya. Bibi alikuwa amelitandika jivu la jikoni lililopoa, mchanga uliokaangwa, na majani makavu ya mwarobaini yaliyopondwa. Tukaliweka juu ya kichanja kule jikoni, mbali na sakafu. Wale viroboto waliomganda usoni bibi aliwapaka mafuta ya nazi kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, bila kugusa macho, akasema watakosa pumzi waachie. Waliachia kweli. Tenga la zamani na vyote vilivyokuwemo tukavichoma. Sakafu ya chumba tuliimwagia maji ya moto, dada Esha na mtoto wakiwa sebuleni, na ilipokauka mama aliisiriba upya kwa udongo wa kichuguu mpaka nyufa zote zikazibika.

Kuku alisimama juu ya kichanja akituangalia kwa dharau. Tuliondoka bila kugeuka nyuma, kwa amri ya bibi. Asubuhi nilikwenda kuchungulia nikamkuta amelala juu ya mayai yake, amejitandaza, macho safi. Nilikimbia kuwaambia, na huenda ilikuwa mara ya kwanza nimepiga kelele ndani ya nyumba ile.

Madoa ya Hidaya yalianza kufifia, na mapya hayakuja.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumapili iliyopita. Wakwe walikuja kutoka Mchinga na nazi na samaki wa kukaanga, maulidi yakasomwa, mtoto akatolewa nje akakunja uso kwa jua. Tulikuwa tumekaa ukumbini na mama mkwe wa dada, Bi Zaina, mwanamke mrefu asiyesema sana, Karani alipotokea jikoni kwa hatua zake za kikazi. Akatupita sisi wote. Akaenda akakaa kwenye pindo la kanga mpya ya Bi Zaina.

Mama alifumba macho. Dada Esha aliniangalia mimi. Bi Zaina akamshika Karani mgongoni, akamfunua manyoya kwa vidole viwili, akatazama, akafunua na kwingine.

“Huyu hana viroboto,” alisema kwa mshangao. “Kwetu tangu mfungo hatulali. Tumeshafukuza paka wawili na bado. Ninyi mnafanyaje?”

Nilitegemea bibi ajibu. Ana maneno ya kutosha kwa mkoa mzima. Lakini alitafuna tambuu yake, akameza, akasema, “Mwalimu wetu yuko hapo. Mke mwenzangu, lete soksi.”

Nikaleta. Nikasimama mbele ya wakwe, mama mdogo, nikaeleza yote: kitana na bakuli, sakafu na jua, kwa nini paka asipakwe kitu, na kuchungulia kuku wako kabla ya kumhukumu paka wako. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. Nilipofika kwenye salfa Iddi aliinuka mwenyewe akaigiza jinsi alivyompaka, na watu wakavunjika mbavu. Bi Zaina aliniuliza maswali kama anayekusudia kweli. Alipoondoka aliomba vitu viwili, soksi na kitana.

Soksi bibi alimpa palepale, bila kuniuliza, ndiyo maana wiki hii nimekwenda shule na za Skolastika. Mbwa wa kwao Skolastika, yule anayefukuza ngedere shambani, tumemchana pia, kwa hiyo anasema tumelipana.

Kitana bibi alikataa. Alisema kwa upole, lakini alikataa. “Hicho mkwe nisamehe. Kimeshikwa na mwanangu aliye mbali, na mimi nina muda sijamshika mkono.”

Mama mdogo, hapo ndipo nilipofahamu kwa nini alinyamaza siku ile alipokifungua, na kwa nini kwenye simu anaguna tu na kumpa mwingine. Mimi nilidhani mwoga wa simu katika nyumba hii ni mmoja.

Kwa hiyo ahsante. Ahsante kwa kunifundisha kuchana badala ya kupaka, na kwa kuuma maneno siku ile usimgombeze Iddi. Ahsante kwa kuniachia Karani nilipokuwa mdogo nisiyeaminiwa hata yai. Amana yako ipo, nami sina tena wasiwasi nayo. Vifaranga wameanguliwa juzi, na mmoja ana shingo tupu kama mama yake. Bibi amesema huyo ni wa Amiri, sikio lake likipona aje kumchukua mwenyewe, na mama yake amlete.

Dada Esha anakusalimu sana, atarudi Mchinga mwisho wa mwezi. Mama na baba wanakusalimu. Iddi anasema asamehewe na Kigoma yote. Skolastika, ambaye hamjaonana, naye ameomba jina lake liwemo. Nisalimie baba mdogo, umbusu Amiri kwenye sikio lile zima. Mwenyezi Mungu awalinde safarini na nyumbani, awape afya, na azifupishe njia zilizo kati yetu.

Bibi sasa hivi yuko uani. Kazi ya kumchana Karani amenipokonya, anasema mkono wangu mzito. Nimemwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amefikiri, akavuta kitana mgongoni mwa paka taratibu, akasema, “Mwambie kinafanya kazi.”

Mimi mwanao, mwenye maneno mengi karatasini na upendo mwingi zaidi moyoni,

Naima